Maji Yatulie: Vidokezo 11 vya pH kwa Wenye Matangi ya Samaki Kitale na Bungoma

Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia haelezwi pH ni nini. Ameshapeleka udongo wake kupimwa, akaambiwa kwamba miaka mingi ya mbolea ya DAP imeuachia tindikali, akanunua chokaa na kuisambaza shambani kabla ya mvua za Machi. Akina kukhu wa Bungoma nao wanaijua kwa jina jingine: munyu, ile chumvi ya majivu inayoufanya mrenda uteleze na kunde zilainike upesi, ni alkali. Elimu tunayo. Tunaisahau tu tangi la kioo linapofika sebuleni.

Mtu hununua gapi sita, akajaza tangi maji ya kisima yaliyochotwa dakika hiyo, akawatia. Baada ya wiki mbili mtoto analia. Muuzaji analaumiwa, chakula kinalaumiwa, baridi ya Kitale inalaumiwa. Maji hayaulizwi lolote.

Nimefuga samaki wa mapambo kwa miaka, nikawapoteza wengi mwanzoni, na kila mmoja aliniachia somo. Somo kubwa ni hili: samaki wengi wa nyumbani wataishi vizuri kwenye pH ya 6.8, na wataishi vizuri kwenye 7.6. Kinachowaua ni kutolewa kwenye moja na kutupwa kwenye nyingine kwa usiku mmoja. Basi kazi yetu ni kuyatuliza maji, na vidokezo hivi vinaonyesha namna.

1. Ielewe namba yenyewe

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Jikoni kwako maji ya ndimu yako karibu na 2, maziwa mala karibu na 4.5, maziwa yaliyokamuliwa asubuhi karibu na 6.7, na maji yenye magadi ya kuokea hupita 8 kidogo.

Ukumbuke jambo moja tu kuhusu ngazi hizi: kila hatua ni mara kumi. Maji ya pH 6 yana tindikali mara kumi kuliko ya pH 7, na mara mia kuliko ya pH 8. Ndiyo maana mtu anayesema “imeshuka kwa moja tu” anazungumzia tetemeko kwa samaki wake.

2. Jua maji yako yametoka wapi

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kusini mwa Elgon. Mto Nzoia hukusanya maji ya pande zote mbili, ukapita Webuye na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Maji huchukua tabia ya mawe yanayoyapitia. Elgon ni volkano ya zamani iliyozimika, na miamba yake ina chumvichumvi kiasi kwamba ndovu huingia pangoni Kitum kuichimba kwa pembe zao. Penye mwamba wa matale, maji ya ardhini aghalabu huwa laini, yenye madini machache.

Kwa hiyo jirani yako wa Kiminini na shemeji yako wa Kimilili wanaweza kuwa na maji tofauti kabisa, na ushauri uliomfaa mmoja ukamponza mwingine. Maji ya mvua ya paa la mabati nayo ni laini kuliko yote. Hata mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6, kwa sababu huyeyusha hewa ukaa ikishuka.

3. Yalaze maji ya kisima kabla ya kuyapima

Jaribio hili lifanye mwenyewe, litakufundisha kuliko maneno yangu. Siku moja nilichota maji ya kisima saa kumi na mbili asubuhi, nikajaza glasi na kutia matone ya kipimo. Yakawa manjano, dalili ya tindikali. Kando yake niliweka glasi ya maji ya kisima hicho hicho, ila haya yalikuwa yamelala kwenye ndoo usiku kucha, pampu ya hewa ikibubujika ndani. Matone yale yale, idadi ile ile: yakawa kijani kama jani changa la mgomba. Kisima kimoja, namba mbili.

Sababu ni hewa ukaa. Chini ya ardhi maji hubeba hewa hiyo kwa wingi, nayo huyafanya machachu. Yakipata upepo, hewa hutoka na pH hupanda yenyewe. Mtu akimimina maji mabichi ya kisima tangini, pH hushuka ghafla kisha hupanda tena, na samaki hupigwa mara mbili. Yaache yalale saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi. Maji ya bomba pia yalaze, ili klorini iondoke.

4. Chagua kipimo kinachokufaa

Karatasi ya litmasi ya maabara ya shule hukuambia tu kama ni tindikali au alkali, hakupi namba. Karatasi za rangi nyingi hukupa namba ya kukadiria. Chupa ya matone ni bora kwa mwenye tangi la nyumbani: bei yake si kubwa, hudumu miezi mingi, na rangi zake husomeka wazi ukiishikilia glasi mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha.

Kipima pH cha betri ni kizuri endapo utakisahihisha mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH 4 na pH 7. Kisiposahihishwa hudanganya kwa kujiamini. Ukikosa vyote, mwombe mwalimu wa kemia wa shule iliyo karibu akupimie mara ya kwanza.

Na pima saa ile ile kila mara. Mimea na mwani tangini huvuta hewa ukaa mchana, pH ikapanda. Usiku huitoa, pH ikashuka. Anayepima leo alfajiri na kesho alasiri atadhani maji yamechafuka, kumbe ni mzunguko wa kawaida.

5. Tazama akiba, usitazame pesa ya mfukoni tu

Kidokezo hiki ndicho kinachorukwa na wengi, nacho ndicho kinachookoa samaki katika eneo letu. Fikiria chama. Pesa ya mfukoni hupanda na kushuka kila siku. Akiba ya chama ndiyo hukushika mkono mambo yakiharibika. Katika maji, pH ni pesa ya mfukoni. Akiba ni ugumu wa kabonati, ambao kwenye vifaa huandikwa KH. Tindikali ikizaliwa tangini, kabonati huimeza, na pH haitikisiki. Kabonati zikiisha, pH huporomoka, pengine usiku mmoja.

Kipimo cha KH nacho ni cha matone: unahesabu tone moja moja hadi rangi igeuke, na katika vifaa vingi kila tone ni digrii moja, yaani kama miligramu 18 kwa lita. Lenga digrii 4 au zaidi kwa samaki wa kawaida. Ukipata 1 au 2, na wanaotegemea mvua watapata hiyo mara nyingi, tangi lako linaishi bila akiba, hata kama pH ya leo inapendeza.

6. Nunua samaki wa maji yako

Wengi hununua samaki kwanza, kisha wakapigana na maji maisha yao yote. Geuza mpango. Pima maji, ndipo uende dukani.

Tetra neoni asili yake ni mito ya bonde la Amazon, hupenda maji laini yenye uchachu kidogo, chini ya 7. Samaki wa beta huridhika na 6.5 hadi 7.5. Gapi, moli na wenzao wa mkia wa upanga hupenda maji magumu ya 7 hadi 8. Samaki wa dhahabu ni mvumilivu, ila hupendelea 7 kwenda juu. Fulu wa Ziwa Viktoria hutaka maji yanayopita 7, wale siklidi wenye rangi kali wa Ziwa Malawi hutaka kama 8, na wa Ziwa Tanganyika hukaribia 9.

Tena hapa hapa Kenya, Ziwa Magadi lina tilapia wadogo wanaoishi kwenye pH ya karibu 10, ndani ya chemchemi zenye joto la nyuzi 40 hivi. Miili yao imezoea kwa vizazi na vizazi. Kila samaki ana kwao. Mwenye maji laini wa Kitale atapata raha na tetra kuliko kuhangaika na siklidi wa Tanganyika.

7. Badilisha maji kidogo, kila wiki

Samaki hutoa amonia. Bakteria wema wa kwenye filta na changarawe huigeuza iwe nitraiti, kisha naitreti. Kazi hiyo njema ina gharama: huzalisha tindikali na kula kabonati. Tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi mitatu huonekana shwari, maji meupe pe, samaki wanacheza, ilhali akiba inakaribia sifuri. pH ikishuka chini ya 6, bakteria wale hulegea na amonia hujikusanya.

Toa robo ya maji kila wiki, rudisha yaliyolala na yenye joto linalolingana. Kitale jambo la joto lina uzito wake, maana usiku wa Julai ndoo iliyokaa barazani huwa baridi sana kwa samaki waliozoea nyuzi 25. Tangi lililoachwa muda mrefu usilibadilishe maji yote siku moja. Toa kidogo leo, kidogo keshokutwa, hadi namba zikutane.

8. Ukitaka kupandisha, pandisha kwa kijiko

Kwanza jua ukubwa wa tangi. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63; ukiondoa mchanga na mawe, hesabu 55.

Njia ya polepole ni kutia kitu chenye kalisi kwenye filta: makombe ya konokono au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa, yakiwa ndani ya kimfuko cha kitambaa. Huyeyuka pole pole kadiri maji yanavyochachuka.

Njia ya haraka ni magadi ya kuokea, yale ya keki, yasiyo na kitu kingine ndani. Kijiko kimoja cha chai katika lita 50 huongeza KH kwa digrii 4 hivi. Usitie kijiko kizima. Yeyusha robo kijiko kwenye kikombe cha maji ya tangi, mimina polepole, ngoja hadi kesho, pima, ndipo uongeze. pH isisogee zaidi ya 0.3 kwa siku.

Na haya usiyatie kamwe: chokaa ya kupaka nyumba, ambayo maji yake hufikia pH ya 12, munyu wa majivu, hata kama ni wa kukhu, na maji ya tangi jipya la saruji, ambalo lapasa kujazwa na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutumika. Chokaa ya shambani, inayotumika pia kutayarisha vidimbwi vya samaki, ina vipimo vya eneo kubwa; sebuleni ni rahisi mno kuzidisha.

9. Ukitaka kushusha, tafuta kwanza anayepandisha

Aliye na pH ya juu hukimbilia siki au ndimu. Hapo hatari huanza. Tindikali hiyo hula akiba kimya kimya, pH ikakaa pale pale siku mbili, mtu akaongeza tena, siku ya tatu kila kitu kikaporomoka.

Anza na mawe. Je, uliyaokota mtoni, au ulipewa na mtu aliyetoka Mombasa? Toa moja, lifute, likaushe, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lina kalisi, nalo ndilo linalopandisha pH. Liondoe. Mawe ya matumbawe ya baharini hayafai tangi la maji laini, na pahali pake ni baharini.

Baada ya hapo, changanya maji yako na maji safi ya mvua kidogo kidogo, ukiacha mvua ya dakika za kwanza ioshe paa. Kipande cha gogo kilichochemshwa mara kadhaa, au majani makavu ya mkungu kama wanayotumia wafugaji wa beta, hutoa rangi ya chai na kushusha pH taratibu. Lakini kagua KH: ikiwa chini ya 4, usishushe chochote.

10. Heshimu urafiki wa pH na amonia

Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na pH ndiyo huamua. Kwenye joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura kali. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5. Kwenye pH 9 hupita theluthi. Maana yake, ukikimbilia kupandisha pH ya tangi lililojaa amonia, unaigeuza iwe sumu. Badilisha maji kwanza, punguza chakula, kisha rekebisha pH.

Jambo hili linawahusu sana wanaonunua samaki Nairobi na kuwasafirisha hadi Kitale, safari ya kilomita 380 hivi. Ndani ya mfuko, samaki wakipumua hutoa hewa ukaa, pH hushuka, na amonia yao hukaa katika sura pole. Ukifungua mfuko, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na sumu huamka. Kwa hiyo elesha mfuko uliofungwa tangini dakika 15 joto lilingane. Ukishaufungua, usikawie: ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa hivi, kisha wahamishe samaki kwa wavu mdogo. Maji ya mfuko mwaga nje, yasiingie tangini.

11. Jiandae kwa mvua, kwa stima kupotea, na uandike

Mito ikijaa tope kuanzia Aprili, maji husafishwa kwa shabu nyingi zaidi, na shabu hula kabonati na kushusha pH. Hata ile unayotia nyumbani kwenye pipa hufanya hivyo. Msimu huo pima KH ya kila ndoo.

Stima zikipotea, pampu hunyamaza, hewa ukaa hurundikana na oksijeni hupungua. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji, wamebana mapezi au wanajisugua kwenye mawe, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu mara kadhaa, kila nusu saa. Usitie dawa yoyote kabla ya kupima.

Kisha weka daftari kando ya tangi. Safu nne zatosha: tarehe, saa, pH, KH. Baada ya wiki nane utaona mwenendo, na utajua maporomoko yanakuja kabla hayajafika. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulijaza, na atakuwa amejifunza kemia akiwa amevaa kandambili.

Ukiwa umeishika kalamu hivi leo, anza na hatua moja ndogo. Chota maji glasi mbili jioni hii, moja ipime sasa, nyingine ilaze hadi asubuhi, uandike namba zote mbili. Samaki subiri nao. Maji yakitulia kwa wiki nne, nenda ukawanunue, na utawafuga kwa miaka.